Karakana Bila Mwenyewe

Kuuza kitu ni kazi ya siku moja. Kukitayarisha kiuzwe ni kazi ya miaka. Mwenye ng'ombe humpeleka mnadani, mnunuzi akamtazama meno na kwato. Mwenye kiwanda kidogo huuza kitu ambacho nusu yake haionekani, kwa sababu nusu hiyo hukaa katika kichwa na vidole vyake mwenyewe.

Ukweli huu ulimfikia fundi mmoja wa Tanga katika uzee wake. Karakana yake ilijua kazi moja tu: kusubu bushi na kuchonga vipuri vya korona, mashine ambayo visu vyake butu hukwangua jani la mkonge mpaka zikabaki nyuzi. Katika kilo 100 za majani, nyuzi ni kama kilo 4. Faida ni nyembamba, na kipuri kibovu huila yote.

Mkonge wa nchi ile ulianza na miche 62 iliyofika hai katika ile aliyoiagiza Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 za nyuzi. Kisha kamba za plastiki zikaliteka soko, mashamba mengi yakarudi msitu, na mafundi wenzake wakafunga milango. Yeye alibaki, na kwa kubaki akawa mtu wa lazima. Na kwa kuwa wa lazima alijiona tajiri.

Watoto wake walipokwisha kushika kazi nyingine, alitangaza kuuza. Wakaja wanunuzi wawili. Wa kwanza, mfanyabiashara wa vyuma chakavu, alipima kiwanja kwa hatua, akataja bei kubwa. Wa pili, kijana mhandisi, hakupima kitu, aliuliza.

"Mzee, ukiugua kesho, nani atasubu?"

"Nitapona," alijibu fundi.

Kijana alicheka kwa adabu, akaomba daftari. Daftari halikuwako. Mali bila daftari huisha bila habari, na mzee aliyekuwa akiwaonya wengine kwa methali hiyo alilala usiku ule akiwa ameonywa nayo.

Basi akaanza kazi ambayo hakuijua. Aliandika kiasi cha bati katika shaba, na rangi ya moto inayofaa kumimina. Kila kalibu aliitia namba na jina la shamba iliyolitumikia. Alitenga fedha ya nyumba na fedha ya karakana, akagundua kwamba kwa miaka mingi moja ilikuwa ikiiba kwa nyingine. Kabla ya kutaja bei alihesabu kiinua mgongo cha msaidizi wake, aliyeingia pale akiwa kijana wa kuchekecha mchanga. Lililo gumu kuliko yote, alimfundisha msaidizi huyo siri aliyokuwa amemficha miaka yote, si kwa chuki, bali kwa hofu ya kutohitajiwa.

Alipomaliza alikwenda Pangani kwa dada yake, akakaa mwezi mzima bila kutuma hata salamu kazini. Aliporudi alikuta tanuri linawaka na bushi mpya zimepangwa juu ya meza. Dereva wa shamba moja, asiyemfahamu, alimwamkia kwa heshima, kisha akauliza, "Mzee, fundi yuko wapi?"

Moyo wake uliruka, kisha ukatulia. Aliinua mkono, akamwonyesha msaidizi.

Karakana iliuzwa kwa kijana, kwa bei iliyopungua ile ya mfanyabiashara wa vyuma, na msaidizi alibaki na kazi yake. Majirani walisema mzee amepata hasara. Yeye alijua kwamba mwenye chakavu angelipia chuma na ardhi tu, na kwamba mtu hawezi kuuza ujuzi wake kabla hajaweza kuugawa.