Mwalimu Mwenzetu wa Kimandolu

Tumemzika mwalimu mwenzetu hapa Kimandolu, naye alituusia mapema: "Siku yangu ikifika, msinisingizie umalaika." Basi twaushika usia wake.

Kuimba hakujua, kwaya ilipopanda yeye alishuka, wala hakuona haya. Chai ilipochelewa, hata chaki ilimwogopa. Miaka kumi na miwili tulifundisha vyumba jirani, na kicheko cha darasa lake kilipenya ukutani hata watoto wetu wakaacha kutusikiliza.

Lakini kufundisha alijua. Watoto walipomwuliza mbona Mlima Meru una mita 4,566 tu, na Kilimanjaro 5,895, aliwaeleza jinsi ubavu wake wa mashariki ulivyoporomoka maelfu ya miaka iliyopita, kisha akasema, "Huyo ni mzee aliyeanguka upande mmoja, naye angali amesimama. Mwamkieni." Na mtoto aliposhindwa na hesabu akalia, alimwambia, "Mlima ulitoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910, tangu hapo watuvumilia. Nawe ivumilie hesabu hii." Mtoto alicheka, akashika kalamu tena.

Sasa watoto hao watuuliza nani atawafundisha. Swali ni zito, maana kujua somo ni jambo moja, na kumwondolea mtoto hofu ni jambo jingine.

Mtume Paulo hakuwakataza Wathesalonike kulia. Aliwataka wasihuzunike kama watu wasio na tumaini. Basi tutalia, tutacheka pia, na Jumatatu tutaingia chumba chake.