Mkono wa Kwenye Kioo

Wewe mpwa wangu unayegusa simu kwa kidole, hukuijua intaneti ya Kasulu ya miaka ya mwanzo ya 2000, Rais Mkapa akiwa bado Ikulu na kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996, imejaa Wakongo waliokimbia vita ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kichumba kilikuwa jirani na soko: kompyuta kuukuu zilizogeuka manjano, jenereta linanguruma uani, harufu ya petroli imechanganyika na ya dagaa wakavu. Saa moja shilingi 2,000, na ukurasa usipofunguka unalipa vilevile. Ukiona mshale umegeuka kichupa cha mchanga, jua hela inaliwa. Watu waliacha kutazama kioo wakatazama saa ya ukutani. Simsahau mama mmoja wa kambini, kibali chake cha kutoka amekifunga kwenye pindo la kitenge, uso mwembamba, mtulivu, aliyefuata barua pepe za mwanawe aliyepelekwa Kanada. Kiingereza hakujua hata chembe. Aliupitisha mshale polepole juu ya maneno, neno baada ya neno, mpaka ukageuka mkono ulionyoosha kidole. "Huyu anakubali," akasema, akabonyeza. Kijiti chembamba kilichosimama nacho alikijua: hapo mtu aandike. Kipanya kilibuniwa na mhandisi Engelbart huko Marekani miaka ya 1960, lakini sijaona mtu aliyekisoma vizuri kama yule mama.

Kibondo, baada ya barabara ya vumbi jekundu lililoingia mpaka puani, kwenye kichumba kingine kama kile, nilikuta kijana akijaza fomu ya bahati nasibu ya viza ya Marekani, ambayo tangu mwishoni mwa 2003 ilipokelewa kwa intaneti tu. Jina sawa, picha sawa, akafika kwenye kitufe cha kutuma: mshale ukabaki mshale, haukugeuka mkono. Maana mkono ulikuwa desturi ya viungo vya kurasa, yale maneno ya kubonyeza; vitufe havikuwa nao. Toleo la pili la CSS, lugha ya kupanga sura ya kurasa za intaneti, la 1998, lilikuwa limeshampa fundi wa kurasa uwezo wa kuuweka mkono popote apendapo, kwa mstari mmoja tu, ila mafundi wanabishana hadi leo kama kitufe kinastahili. Mimi nasema kinastahili, tena sana. Kijana yule alikizunguka kitufe kile, jasho linamtoka, dakika zinakatika, mpaka mwenye duka akachoka: "We bonyeza tu, bwana, mafuta yanaisha!"