Mtangazaji Aliyeuza IST Akarudi Darasani Kusomea Afya ya Jamii: Kisa Ni Voisi ya Sekunde 11

Mjini watu walishaamua. Alipopotea hewani wiki mbili mfululizo, wa kwanza wakasema ana mimba. Wengine wakasema kagombana na bosi, kapigwa chini. Wakawepo na walioapa kabisa kwamba wamemwona uwanja wa ndege na mabegi matatu, anamfuata mzee fulani Dubai. Ukweli ulipovuja haukumnogea mtu yeyote: alikuwa kwenye kibanda cha fotokopi nje ya chuo kimoja, kavaa raba, anasubiri desa la takwimu litolewe kopi huku jamaa wa mashine akimuuliza, "Dada, sauti yako kama naijua?"

Anaijua, ndiyo. Karibu miaka tisa sauti hiyo ilikuwa ya saa nne asubuhi. Saluni walikuwa wanazima dryer ili wamsikie. Kwenye daladala konda alikuwa anaongeza sauti bila kuombwa. Jina liachwe tu. Wanaomjua wameshamjua, na asiyemjua hakosi kitu.

Swali lililotawala kwenye posti zake lilikuwa moja: mtu ana jina, ana dili, ana gari, anakwenda kusoma masta ya afya ya jamii ya nini? Kwanza hata si daktari. Shahada yake ya kwanza ni ya mawasiliano ya umma. Dada mmoja akaandika chini ya picha yake kwamba umri unakwenda, wenzake wanatafuta ndoa yeye anatafuta vyeti. Likapata laiki nyingi kuliko posti yenyewe.

Hakujibu. Na jibu lilikuwepo, sema halikuwa la kuandika pale.

Mwaka mmoja kabla ya hapo alipata ubalozi. Kinywaji cha mitishamba, chupa ya kijani, kampuni yenyewe ikiwa haina muda mrefu sokoni. Walimlipa kwa mwezi zaidi ya mshahara wake wa redio. Kazi yake ilikuwa ndogo: kusoma tangazo mara mbili kwa kipindi na kuposti akiwa kashika chupa. Tangazo lilisema kinywaji kinasafisha mishipa, kinashusha sukari, kinaondoa presha. Alisoma kama anavyosoma tangazo la sabuni. Lakini mtangazaji mzuri hasomi karatasi tu, anaongeza chumvi yake, na chumvi yake siku hiyo ilikuwa hii: "Wapenzi wangu, vidonge kila siku vya nini jamani, mwili si duka la dawa!" Studio nzima ikacheka. Kampuni ikampigia kumshukuru, wakaomba airudie. Akairudia miezi mitatu.

Halafu ikaja voisi. Mchana, yuko kwenye gari kwenye maegesho ya kituo, anapitia DM zake. Sauti ya binti mdogo, nyuma yake mtu anapiga msumari: "Dada shikamoo. Samahani kwa usumbufu. Ile ya chupa ya kijani mtu anatumia kwa muda gani? Mama alikuwa anatumia, sasa haongei."

Sekunde 11. Hamna tusi, hamna lawama. Kama angetukanwa ingekuwa rahisi; matusi alishayazoea, mtu anablokiwa maisha yanaendelea. Huyu binti alikuwa anauliza dozi.

Alikaa nayo siku mbili bila kujibu. Akamwonyesha mkubwa wake kazini, akaambiwa asijibu kitu, mambo hayo yana wanasheria, na isitoshe watu wazima wanaugua kila siku. Siku ya tatu akapiga. Mama anakaa Mbagala, alikuwa anauza vitumbua. Zahanati walimkuta na presha, wakampa vidonge, akawa anameza vizuri tu. Baadaye akasikia redioni kwamba vidonge si lazima. Akaacha. Akajisikia freshi, akawaambia hadi majirani. Wiki kadhaa mbele, alfajiri, akiwa anachanganya unga, mkono wa kulia ukakataa, mdomo ukaenda upande. Kiharusi.

Hapo angeweza kufanya kile ambacho mastaa hufanya: kurekodi video bila mekapu, machozi kidogo, "naomba radhi kwa wote niliowakwaza." Mji huu hata kuomba radhi ni kontenti. Alivunja mkataba kimyakimya, akarudisha malipo ya mwezi wa mwisho, na usiku akaanza kusoma kuhusu presha kwenye simu. Alichokiona kilimtisha kwa urahisi wake. Presha kwa kawaida haina dalili. Mtu anaweza kuwa na 180 kwa 110 akacheza kigodoro mpaka asubuhi. Kwa hiyo anayeacha dawa hajisikii vibaya, pengine anajisikia vizuri zaidi kwa sababu hamezi kitu, na mtu anayejisikia vizuri huwezi kumwambia anaumwa. Yule mama hakuwa mjinga hata kidogo. Aliamini mwili wake na akaamini redio, na vyote viwili vilimwambia kitu kimoja.

Kutafuta chuo ilikuwa kazi. Vingine vilimwambia wanataka shahada ya kwanza ya udaktari, uuguzi au inayofanana na hizo. Kimoja kikamkubali, kikasema afya ya jamii inahitaji pia watu wa mawasiliano. Ada ndiyo ikala IST. Mama yake mzazi alipoona gari halipo aliuliza mara moja tu, "Mwanangu, kuna mtu anakudai?" Akajibu ndiyo. Hakufafanua.

Darasani walimpokea kwa jina la Staa. Wenzake walikuwa madaktari wa wilaya, wauguzi wenye miaka 15 wodini, maafisa afya waliozoea kufunga migahawa michafu kipindi cha kipindupindu. Yeye hajawahi hata kushika mashine ya presha. Wiki ya kwanza mwalimu akafungua, kama wanavyofungua walimu wengi wa somo hilo duniani, na John Snow: London, mwaka 1854, daktari anayeweka alama kwenye ramani nyumba zenye vifo vya kipindupindu mpaka alama zinajikusanya kuzunguka pampu moja ya maji ya mtaa wa Broad. Mpini wa pampu unaondolewa. Wenzake waliandika kwa uvivu, walishaisikia. Yeye hakuandika kitu. Alikuwa anawaza kwamba kwenye ramani ya namna hiyo, ya Dar, pampu inaweza kuwa ni kipindi cha saa nne asubuhi.

Biostatistiki ilimnyoosha. Mtu mara ya mwisho kukutana na hesabu ni kidato cha nne, na hata huko hawakuachana kwa wema. Alipiga msuli mpaka saa nane usiku, akaingia kwenye mtihani, akala sapu. Skrinshoti ya matokeo ikasambaa kwenye magrupu, maana kuna mwenzie wa darasani hakuweza kujizuia. "Staa kala sapu" ikawa habari ya siku mbili. Afisa afya mmoja, mzee kidogo, anayeitwa na darasa zima Anko, akamkalisha nje ya maktaba wikiendi tatu akimfundisha kwa kutumia bei za nyanya za Kariakoo. Wastani, mtawanyiko, uwezekano. Sapu akaifaulu. Si kwa kishindo, aliponea chupuchupu.

Lakini somo lililomtesa zaidi si lile alilofeli. Ni epidemiolojia, alikofaulu vizuri tu. Huko ndiko wanakofundisha kwamba jambo kutokea baada ya jingine hakumaanishi limesababishwa nalo. Wapo wanaomeza vidonge kila siku na bado wanapata kiharusi. Wapo wanaoacha wakafika miaka 80. Mgonjwa mmoja hathibitishi kitu. Daktari mmoja wa darasani, aliyekuwa ameshasikia kisa kizima, akamwambia kwa nia njema kabisa wakiwa wanakula chipsi: "Staa, jiachie. Kisayansi huwezi kuthibitisha ni wewe. Huyo mama huenda angeacha dawa hata bila redio. Dawa zinaisha zahanati, hela hamna, watu wanachoka."

Yote kweli tupu. Usiku ule alilala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Asubuhi akaamka na hasira, kwa sababu aliona mlango wenyewe umefunguliwa na masomo aliyoyalipia kwa gari lake, na yeye alikuwa anakaribia kutoka kupitia humo.

Muhula wa pili ndipo mwalimu wa elimu ya afya akaleta kitu ambacho hakuna mtu wa burudani anapaswa kufa bila kukijua. Mwaka 1973 Redio Tanzania ilitumika kwenye kampeni ya Mtu ni Afya. Vijijini watu walikaa kwenye vikundi kuizunguka redio, wana vijitabu, wanasikiliza, wanajadili, halafu wanakwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Karibu watu milioni 2 walishiriki. Halafu mwaka 1993 ukaanza mchezo wa redio Twende na Wakati. Waliokuwa wakubwa enzi hizo wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu. Ambacho wasikilizaji wengi hawakukijua ni kwamba ule mchezo ulikuwa pia utafiti. Sehemu kubwa ya nchi waliusikia, lakini kituo cha Dodoma hakikuurusha mpaka mwaka 1995, makusudi, ili watafiti walinganishe. Na tofauti ikaonekana: kwenye uzazi wa mpango, na kwenye jinsi watu walivyojilinda na UKIMWI. Mchezo wa redio, wenye waigizaji na vichekesho, ulibadilisha yanayofanyika vyumbani mwa watu, na ikapimwa kwa namba.

Darasa likapiga makofi. Anko akamgeukia: "Umesikia, Staa? Watu wa kwenu hao!" Yeye alikuwa kashika kichwa. Maana kama redio ya maneno mema inaokoa, na imethibitishwa, basi ule mlango wa kutokea umefungwa. Haiwezekani redio iwe na nguvu Jumatatu ikisema vaeni kondomu, halafu Jumanne ikisema vidonge vya nini iwe kelele tu.

Likizo ilipofika akaenda Mbagala kwa mara ya kwanza. Daladala, maana IST ndiyo hiyo ilishakwenda. Chumba na sebule, pazia la maua, redio ndogo juu ya kabati la vyombo. Alipobisha hodi na kuanza kujitambulisha mlangoni, yule mama, aliyekuwa kakaa kwenye kiti cha plastiki kaupa mlango mgongo, alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea kwenye redio. Alikuwa anataka kuongeza sauti. Redio ilikuwa imezimwa.

Binti yake ndiye aliyeelewa kwanza. Akamshika mama mabega, akamgeuza taratibu na kiti chake.

Alikuja na bahasha ya hela, ikapokelewa. Watu wana shida, hamna maringo hapo. Alikuja pia na wazo. Alitaka tasnifu yake iwe kuhusu matangazo ya dawa za mitishamba na wagonjwa wa presha, na huyu mama awe kisa cha kwanza, bila jina, kwa idhini, kwa heshima zote. Alishaandika hadi fomu. Binti akaisoma yote, kurasa mbili, akairudisha.

"Hapana dada. Mara ya kwanza mama alikufanyia tangazo. Sasa tena akufanyie na shule?"

Msimamizi wake alisema jambo lilelile kwa lugha ya kisomi: wewe ni sehemu ya kisa hiki, huwezi kukitafiti, na kamati ya maadili wakijua watakurudisha nyumbani. Akabadili mada. Akaenda kliniki za presha kuwauliza watu kwa nini wanaacha dawa. Sababu zilikuwa nyingi kuliko alivyotarajia, na nyingi hazikumhusu kabisa: nauli ya kliniki, woga kwamba vidonge vinaharibu figo, mume kasema, mchungaji kasema, nimepona. Wengine walitaja kinywaji fulani, mti fulani. Na mama mmoja mwenye mtandio wa bluu akasema, bila kumtambua, kwamba kuna dada mmoja wa redio alikuwa anachekesha sana, alisema mwili si duka la dawa. Kalamu haikusimama. Aliandika maneno yote kama yalivyosemwa, akauliza swali linalofuata.

Masta kamaliza. Hewani karudi, sasa ni Jumamosi tu, kipindi cha nusu saa ambacho wadhamini hawakigombanii. Kampuni nyingine ya vinywaji ilimtafuta, dau kubwa kuliko lile la kwanza. Akaomba ripoti ya vipimo vya bidhaa yao. Wakasema watamrudia. Wanaosema kafulia hawajakosea sana. Anapanga Sinza chumba kimoja, na mwendokasi anasimama kama watu wengine.

Jumapili mbili kwa mwezi anakwenda Mbagala na mashine ya presha kwenye mkoba. Mama sasa ana maneno kadhaa, anatembea kwa kushika ukuta. Binti hajawahi kusema yameisha, na hajaulizwa. Anafungua mlango, anaweka kiti, anatoa daftari la kaunta ambalo wanaandika namba. Jumapili iliyopita mashine ilisoma 138 kwa 86. Akaandika, akafunga daftari, binti akalifungua tena.

"Weka na tarehe."