Vifanane, Lakini Si Vyote

Kila kifurushi cha programu kina faili yake ya utambulisho. Kwenye Python ni pyproject.toml, kwenye JavaScript ni package.json. Humo kuna jina, toleo, leseni, mwandishi, na baruapepe ya kuandikia mambo yakiharibika. Hakuna anayeisoma mpaka siku ya shida.

Timu yetu ndogo ina vifurushi 14 vya Python, na faili zake zilikuwa zinapingana. Huku leseni ni MIT, kule Apache, kwingine pameachwa wazi. Ukiacha wazi, kisheria hujampa mtu ruhusa ya kutumia kazi yako, hata kama iko hadharani. Nazo baruapepe zilikuwa za domeni tuliyoacha kuilipia zamani.

Msidhani hayo ni mambo ya urembo. Mei 2022, kuna mtu alinunua domeni iliyoisha muda ya mwenye kifurushi cha Python kiitwacho ctx. Akaomba nenosiri jipya, likaja kwake, akapandisha toleo la kuiba siri za watumiaji. Anwani moja kuukuu tu.

Kwa hivyo nikaketi kwetu Oltepesi, kwenye barabara ya Magadi, nikaandika skripti. Habari zote zinakaa kwenye faili moja, skripti inazisambaza kwa vifurushi vyote 14. Mtu akituma mabadiliko, inakagua kama vinakubaliana. Visipokubaliana, hapiti. Kazi ya kunakili mchana kutwa ikawa ya sekunde. Poa kabisa.

Kabla ya kuiachilia, niliiambia inionyeshe kwanza itakachobadilisha. Toleo, sawa. Leseni, sawa. Mwandishi... hapo nikasimama. Vifurushi 3 vya mwanzo vilikuwa na jina la rafiki yetu aliyeianzisha kazi hii, na ambaye tulimzika mwaka juzi. Skripti ilitaka kumfuta iweke jina la timu. Haikuwa na ubaya, iliambiwa vifanane.

Mwenzangu akaandika kwenye grupu: "Bro, pitisha tu. Mtu akipata hitilafu, amwandikie marehemu?"

Hoja yake ilikuwa nzito. Lakini huku kwetu mbuzi hukatwa alama sikioni, na kila boma linajua yake. Baba mkubwa alipofariki, mifugo ikaenda kwa mwanawe. Mchungaji alibadilika, masikio yakabaki vilevile.

Tena si hisia tupu. Leseni ya MIT yenyewe inataka notisi ya hakimiliki ibaki kwenye kila nakala. Na pyproject.toml ina nafasi mbili: authors, walioandika, na maintainers, wanaotunza. Wengi wetu hujaza ya kwanza na kusahau ya pili, halafu tunalazimisha jina moja lifanye kazi mbili.

Nikamjibu: "Ataandikia sisi. Lakini yeye habanduki." Sehemu ya watunzaji skripti inaijaza yenyewe, kwa anwani inayosomwa kila siku. Sehemu ya waandishi inakagua tu kwamba haiko tupu, na haina ruhusa ya kuandika humo.

Kuandika skripti ni rahisi. Kinachosumbua ni kuamua kipi kifanane na kipi kiachwe. Siku hizi vifurushi vyetu vinakubaliana leseni na anwani. Majina yanatofautiana, na ukaguzi unapita bila kelele.