Nani Atakuwa Haramia?

Agosti nilipanda matatu ya Mwingi nikiwa na begi moja la nguo na katoni moja ya maharamia. Kondakta aliniuliza kama hao ni vifaranga, kwa sababu nilikuwa nimetoboa matundu pembeni ili nipate pa kushikia. Nikamwambia ni vitu vya watoto. Ulikuwa uongo. Nina miaka 29, na hao maharamia ni wangu.

Kwa asiyejua: ni mchezo wa vita wa mezani. Unakuwa na vijisanamu vya urefu wa kidole, unavipanga juu ya meza iliyotengenezwa ionekane kama kisiwa au bandari, unapima mwendo kwa futi kama fundi wa nguo, unarusha dadu kujua nani amepigwa. Huko Ulaya na Marekani watu hununua seti zilizochongwa vizuri, wanazipaka rangi kwa brashi ya unywele mmoja. Sisi tulio wanne, tunaokutana Jumamosi kwa rafiki yetu pale Pipeline, tunachapisha picha saiba, tunazikata, tunazibandika kwenye vifuniko vya soda. Nahodha wangu anasimama juu ya Fanta. Seti moja halali ingenimalizia kodi ya nyumba.

Lakini vijisanamu si shida. Shida ni sheria. Kuna vitabu vingi vya sheria za vita vya maharamia, na watu wawili wenye vijisanamu sawa kabisa wanaweza kucheza dunia mbili zisizojuana. Blood & Plunder, ya mwaka 2016, inatumia karata kuamua nani anasonga kwanza na dadu za pande kumi kuamua nani anakufa, na watu wako wanachoka: ukiwasukuma sana wanajaa uchovu hadi wanakuwa hawana maana. Black Seas, ya 2019, haijali mtu mmoja mmoja. Ni merikebu kwa merikebu, upepo na mizinga, tena ni ya kati ya 1770 na 1830. Freebooter's Fate ya Wajerumani haina dadu kabisa. Anayeshambulia anachagua kwa karata sehemu za mwili anazotaka kupiga, anayejikinga anakisia, halafu mnafunua. Mimi hupenda hiyo ya mwisho kwa sababu inafanana na kumjua mtu. Rafiki zangu huichukia kwa sababu wananijua.

Nilienda Kyuso kwa Susu, mama yake mama, kupumzika wiki mbili. Wapwa wangu walikuwa wamefunga shule, mtandao unakuja na kwenda kama mgeni asiye na adabu, na mto nyuma ya boma ulikuwa mkavu, mchanga mtupu, mpana kuliko meza yoyote ya Nairobi. Nikasema hapa ndipo nitakapojaribu sheria. Watoto watano, kivuli cha mkwaju, bahari isiyo na tone la maji.

Siku ya kwanza nilichagua kama tunavyochagua Nairobi: kila mtu na upande wake. Mpwa wangu mkubwa akachukua Waingereza. Dada yake akachukua Wahispania kwa sababu ya mpira. Wengine wawili wakawa Wafaransa. Wa tano alikuwa mtoto wa mwenye duka la pale stejini, miaka 12, Msomali, amekuja na wapwa zangu kwa kuwa wako darasa moja. Akaniuliza, “Na mimi anko?”

Nikamwambia, “Wewe hata hatukupei karata. Wewe umezaliwa haramia.”

Sijui nilitarajia nini. Watoto walicheka, tena sana, na mpwa wangu akaanza kuigiza ile filamu ya Captain Phillips, macho yametoka, kidole kifuani. Yule kijana hakukasirika kwa sauti. Alisema tu, “Mimi nimezaliwa Mwingi. Bahari sijawahi ona.” Akaokota ndala zake akaenda. Wala wale waliokuwa wakicheka hawakuwa wamewahi kuona bahari. Ni mimi tu.

Tulicheza. Waingereza walishinda. Ulikuwa mchezo mbaya.

Ungekuwa utani wa Nairobi labda ungepita. Lakini Kyuso si Nairobi. Kiangazi kikikaza, wafugaji hushuka na ngamia kutafuta malisho, na huku Mwingi Kaskazini, Ngomeni, Tseikuru na kwingineko, shamba la mtu na tumbo la ngamia vimegombana miaka na miaka, na watu wamekufa, wa huku na wa kule. (Ngomeni ya huku haina ngome yoyote niliyowahi kuona. Nilipokuwa mdogo nilikuwa naitafuta.) Susu mwenyewe aliwahi kuamka akakuta mistari minne ya ndengu imeliwa hadi shina. Mwenye duka hana ngamia hata mmoja, anauza sukari na betri, lakini wiki hiyo watu walipita dukani kwake bila kusalimia. Kijana wake aliyaona hayo. Halafu akaja kucheza kwetu, na mimi mtu mzima mwenye digrii nikamwambia hivyo.

Usiku nilitoa vitabu nikavisoma upya kwa tochi ya simu. Nilikuwa nimevisoma mara nyingi nikitafuta mwendo, upepo, majeraha. Sikuwahi kuona kwamba karibu vyote huanza na swali lilelile: chagua taifa lako. Kabla hujarusha dadu, kabla hujaiba hata pipa moja, ushaambiwa wewe ni nani na una tabia gani. Huyu hulenga vizuri, huyu ni mkali kwa panga, huyu hukimbia mapema. Ukicheza na watu ambao hawana Mhispania jirani, haina neno.

Na maharamia wa Kisomali wa kweli? Nilikuwa kidato cha kwanza meli ya Faina ilipotekwa, Septemba 2008, ikiwa na vifaru 33, na tuliifuatilia redioni kama mpira hadi ilipoachiliwa Februari iliyofuata na kutia nanga Mombasa. Washukiwa wa kesi nyingine waliletwa kushtakiwa Mombasa, na 2010 ikafunguliwa mahakama maalumu pale Shimo la Tewa. Sikumbuki mwalimu yeyote akitueleza kuwa baada ya serikali ya Somalia kuanguka 1991, meli za nchi za mbali zilikuja kuvua samaki wao bila ruhusa, na kuwa baadhi ya waliobeba bunduki walijiita walinzi wa pwani. Hilo haliwafanyi watakatifu. Waliteka mabaharia maskini wa Ufilipino na India, wakawaweka miezi na miezi. Lakini ukiandika sheria za mchezo huo, unampa nani karata ya haramia kwanza, mwenye wavu au mwenye bunduki?

Kuna vita vingine vya pwani yetu ambavyo nilikuwa navijua na sikuwahi kufikiria kuviweka mezani. Mombasa, 1589. Mir Ali Bey, nahodha wa Waturuki, alikuja pwani ya Afrika Mashariki mara ya kwanza katikati ya miaka ya 1580, na miji mingi ikampokea maana ilikuwa imechoshwa na Wareno. Kwa Wareno alikuwa haramia. Wao wenyewe walikuwa wameichoma Mombasa 1505, na 1587 walikuwa wameivunja Faza hadi kukata minazi, kwa sababu tu ilimkaribisha. Aliporudi, merikebu za Wareno kutoka Goa zikamkuta Mombasa, na ng'ambo bara walikuwa wamefika Wazimba, jeshi lililotoka kusini likipiga kila mji. Watu wa Mombasa wakabanwa katikati. Ali Bey akaona heri ajisalimishe kwa Wareno, akapelekwa Goa, kisha Ureno. Miaka minne baadaye, 1593, Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus.

Hapo kuna pande tatu, ukihesabu wenyeji ni nne, na ukiuliza nani haramia unapata majibu manne.

Asubuhi ya tatu nikaenda dukani. Kijana alikuwa kaunta, baba ameenda msikitini.

“Kilo ama nusu?” akaniuliza. Nilikuwa sijataja sukari.

“Nusu. Sikiza, juzi nilikukosea.”

Akapima. Akafunga karatasi vizuri sana, pembe kwa pembe. “Ni sawa anko.”

“Si sawa.”

Akanyamaza. Nikamweleza kuhusu Mombasa, harakaharaka, nikichora kwa kidole kwenye vumbi la kaunta: kisiwa, merikebu huku, Wazimba kule. Mteja akaja akanunua kiberiti akaenda. Kijana alikuwa bado anaangalia ule mchoro.

“Hao wa katikati wanatoka aje?” akauliza.

“Sijui. Kwa kitabu hawakutoka.”

Mchana akaja. Hakuniangalia, alikaa upande wa mpwa wangu wa kike, ambaye alisogea bila kusema kitu. Mpwa wangu mkubwa alianza kufungua mdomo, nikamtazama, akafunga.

Sheria tulizotumia hazimo kwenye kitabu chochote, ila tumeiba kila mahali, jambo ambalo nadhani linafaa. Kwa Wajerumani tuliiba kukisia. Kwa H. G. Wells, aliyeandika Little Wars 1913 na kuwapiga askari wa risasi kwa kibunduki cha springi, tuliiba mizinga: hakuna dadu, unachomoa ndengu kwa kidole na kilichoanguka kimeanguka. Robert Louis Stevenson pia alicheza vita vya askari wadogo sakafuni na mtoto wake wa kambo kule Davos, miaka ileile ya Kisiwa Chenye Hazina, kwa hiyo hatukuwa wa kwanza kuwa wazima na wajinga. Upepo ulikuwa upepo wenyewe. Unarusha vumbi juu, linakoenda ndiko tanga linakovuta, na anayetaka kwenda kinyume apige bisho kama mabaharia wa kweli. Vumbi la Kyuso mwezi wa nane halihitaji kurushwa mara mbili.

Na taifa hakuna. Kila mtu anavuta karata ya kazi: nahodha, seremala, mpiga mzinga, mpishi. Halafu kabla ya kuanza mnaandika mkataba, kama walivyofanya mabaharia wa Bartholomew Roberts. Niliwasomea masharti yao kutoka simuni. Kila mtu ana kura. Nahodha anapata mafungu mawili ya ngawira, si ishirini. Aliyepoteza kiungo analipwa. Marufuku karata na dadu kwa pesa. Taa zizimwe saa mbili usiku. Hapo wakaguna wote. Mpwa wangu akasema hiyo ni bodingi.

Ugomvi ulikuja kwenye barua ya mfalme. Niliwaeleza kuwa zamani nahodha mwenye karatasi yenye mhuri wa mfalme aliruhusiwa kuteka meli za adui, na haitwi haramia.

“Kwa hivyo ukiwa na karatasi si wizi?” mpwa wangu wa kike akauliza.

“Kisheria, si wizi.”

“Ni kama kipande,” yule kijana akasema. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kusema na wote. “Kaka yangu ako na miaka 20. Ameenda ofisini mara saba. Kila mara ni lete ya babu. Tumempeleka babu mwenyewe.”

Hakuna aliyecheka. Mpwa wangu mkubwa, aliyeigiza filamu, aliuliza kwa sauti ndogo, “Babu mzima mzima?” na yule kijana akasema, “Na fimbo yake,” na hapo sasa wakacheka, wote, pamoja naye.

Wakapiga kura kuhusu barua. Nilidhani wataifuta. Walikubaliana iwepo, lakini ifichwe mchangani, na yeyote atakayeichimba ni yake. Kijana wa dukani akaongeza kifungu: anayechelewa kwa sababu ya kupeleka mbuzi maji asihesabiwe mtoro. Kikapita kura tano kwa sifuri. Mimi sikupewa kura kwa sababu, walisema, mwenye kitabu hapigi.

Walicheza Mombasa siku nne. Mara mbili watu wa katikati walikufa wote. Mara moja walikimbilia bara wakawakuta Wazimba. Siku ya nne wenyeji walichoma merikebu zao wenyewe ili adui asizichukue, kisha wakatoroka usiku kwa mashua moja, na hatukuwa na kifungu chochote cha kusema kama huko ni kushinda. Walikuwa bado wanabishana jua likianza kutua, kijana akikumbuka kwamba Magharibi imekaribia, wakati Susu alipotoka jikoni ameshika ungo.

Alitaka ndengu zake. Zote, alisema, na zioshwe mchanga, maana hakuvuna nyingi mwaka huu. Watoto watano wakapiga magoti mtoni wakaanza kuokota mizinga, moja moja. Yule kijana aliokota nyingi kuliko wote, akazimimina kwenye ungo, akakimbia nyumbani. Susu akazipepeta, akazitazama, akaniuliza huyo ni mtoto wa nani. Nikamwambia. Hakusema kitu. Akaingia jikoni, na usiku ule tukala vita vyote kwa chapati.