Chipsi za Hull Zilipotushibisha

Siku hizi karibu kila hoteli ya ufukweni Unguja inauza samaki na chipsi, kwa bei ya kitalii na kipande cha ndimu juu. Sisi tuliosoma Uingereza miaka ya themanini tukiisoma menyu hiyo tunatazamana tu. Tulikijua kikiwa chakula cha mtu asiye na kitu.

Nilisoma Hull, mji wa bandari huko Yorkshire. Posho ilichelewa, baridi haikuchelewa. Nyuma ya Beverley Road palikuwa na duka dogo la mama mmoja wa makamo, na ikifika jioni foleni ilishatoka nje ya mlango. Ijumaa ndiyo usiseme. Samaki alikuwa hadoki, maana watu wa kule hawataki kusikia mwengine. Mama alimchuna ngozi, akamchovya kwenye rojo la unga, akamshusha polepole kwenye mafuta huku amemshika mkia. Rojo likifura, chembe za unga ziliachana na samaki zikaelea. Akazichota kwa chujio na kuziweka pembeni. Hizo ulipewa bure, ilimradi uombe. Kisha chumvi, kisha siki mpaka karatasi ilowe, na nje gazeti la juzi. Aliyefilisika alinunua chipsi peke yake, akaongezewa chembe, akala huku anasoma matokeo ya mpira.

Mwenye nafuu kidogo alichukua pattie: viazi vilivyopondwa vikatiwa kitunguu na majani makavu ya kunukia, vikachovywa rojo lile lile na kukaangwa. Mzanzibari hahitaji kuelezwa; ni kachori iliyonyimwa pilipili. Pilipili tuliibeba wenyewe, kichupa mfukoni mwa koti.

Lakini palikuwa na mtihani. Kaka mmoja wa Mombasa aliyetutangulia chuoni aliniasa mapema: "Mdogo wangu, uliza mafuta kwanza." Yorkshire wamezoea kukaangia shahamu ya ng'ombe, na hujui amechinjwa vipi. Mama tulipomuuliza alijibu kwa fahari kwamba ndiyo, ya ng'ombe tupu, na utamu wote uko hapo. Wenzetu wengine waliishia mlangoni wakatembea mbali kutafuta duka la mafuta ya mimea. Wengine sitawataja, ni wazee wa heshima sasa.

Mume wa yule mama alikuwa baharia wa meli za uvuvi, na tulipoanza kwenda pale alikuwa hana kazi. Meli za Hull zilikuwa zikivua mbali sana, kwenye bahari za Iceland. Mwaka 1976 Uingereza ilikubali mpaka wa maili 200 uliowekwa na Iceland, na riziki ya mji ikakatika. Gati la wavuvi, St Andrew's Dock, lilikuwa limeshafungwa 1975. Mabaharia wale walihesabiwa vibarua, kwa hiyo hawakupata kiinua mgongo. Serikali ilianza mpango wa kuwalipa fidia mwaka 2000, wengi wakiwa wameshazikwa. Hata kabla ya hayo yote, mwanzoni mwa 1968, meli tatu za mji huo zilizama ndani ya majuma machache, watu 58 wakafa. Lillian Bilocca, mke wa baharia aliyefanya kazi kiwanda cha samaki, aliwaongoza wanawake kudai usalama baharini. Madai yalikubaliwa, kazi yake ikapotea. Mama wa duka alitusimulia mkasa huo wa 1968 huku anafunga chipsi, bila kuinua macho. Samaki yule alikuwa rahisi mfukoni mwetu. Bei yake nyingine ililipwa na watu wa mtaa ule.

Nilirudi Hull hivi karibuni. Duka lile sasa linauza simu. Nikaingia jingine, nikakuta vikasha vya kadibodi, sosi kwenye vipakti, na sahani ya hadoki na chipsi inakaribia pauni 10. Simlaumu mwenye duka. Kodi ya ongezeko la thamani iliwekwa juu ya chakula moto cha kwenda nacho mwaka 1984, asilimia 15, na sasa ni 20. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipandisha bei ya mafuta ya alizeti na nishati, na samaki wa Urusi akatozwa ushuru wa asilimia 35. Miaka ya 1920 Uingereza ilikuwa na maduka ya namna hii zaidi ya 35,000. Leo ni kama 10,000. Katika vita kuu ya pili serikali haikuthubutu kukiwekea mgao chakula hiki, ili kibarua asikikose. Leo bei imefanya ambacho vita havikufanya. Foleni niliyoikuta ilikuwa ya wastaafu, na wanafunzi wamejaa kwenye kuku wa kukaanga ng'ambo ya barabara.

Chembe za unga bado ni bure. Niliziomba, nikapewa rundo, na yule kijana wa kaunta akashangaa mzee mgeni amejulia wapi.

Basi kijana unayejiandaa kwenda kusoma huko, usitegemee duka la samaki na chipsi likulee kama lilivyotulea sisi. Nenda na sufuria, na ujue kupika wali.