Kirikuu niliikodi mimi

Mdogo wangu hakufukuzwa na mumewe. Nilimtoa mimi, mchana kweupe, kwa kirikuu, gari dogo la mizigo, nililolilipia mwenyewe.

Shemeji aliandika talaka moja kwenye karatasi ya daftari, akaenda zake kazini. Habari iliponifikia sikuuliza kitu. Kwetu Tanga mwanamke akiachwa hufuatwa na ndugu zake, na ndugu wakichelewa husemwa. Nami, kaka mkubwa, nilitaka mtaa mzima wa Ngamiani uone kwamba binti yetu ana kwao. Tulimkuta anapepeta mchele. "Kaka, mbona hajaniambia niondoke?" Nikamwambia apande gari. Mtoto wake mdogo nilikuwa nimeshamweka kiti cha mbele. Tukapakia cherehani, magodoro, masufuria. Juu ya kabati kulikuwa na boksi lenye risiti za saruji na bati alizonunua kwa pesa zake za upatu. Hakuna aliyelikumbuka. Mimi nilikuwa nashughulika kuonekana.

Aibu kubwa ni kwamba dini yenyewe inakataza. Katika talaka rejea kama hiyo mke hukaa eda palepale nyumbani, akilishwa na mume. Asitolewe, wala asitoke mwenyewe, maana ndani ya muda huo mume anaweza kumrejea. Hayo yamo katika Sura ya Talaka, ambayo naisoma bila kutazama msahafu, tena kwa sauti nzuri.

Sheria ya nchi nayo haikuwa mbali. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inampa mke haki ya kubaki katika nyumba ya ndoa mpaka ndoa ivunjwe au mahakama iamue vinginevyo, na inamzuia mume kuiuza, kuiweka rehani au kuipangisha bila ridhaa yake. Shemeji aliipangisha. Nani angemzuia? Mwenye ridhaa alikuwa kwa mama, na aliyempeleka ni mimi.

Hayo ya sheria niliyajua baadaye, mahakama ya mwanzo. Nilikwenda kumtolea ushahidi mdogo wangu katika shauri la mgawanyo wa mali ya ndoa, nimevaa kanzu iliyopigwa pasi. Hakimu aliandika kwa mkono, kwa hiyo kila jibu lilisubiri kalamu. Akaniuliza nani alimwambia mke atoke. Nikajibu kwa kujidai: "Ni mimi mheshimiwa, nilimfuata siku ileile."

"Taratibu, shahidi. Naandika."

Nikarudia, neno moja moja. Ni mimi. Nilimfuata. Siku ileile. Mara ya kwanza nilikuwa najisifu. Mara ya pili nikajisikia. Nikamtazama shemeji. Alikuwa ameinama, wala hakuwa na haja ya kusema chochote, kwa kuwa maneno aliyoyahitaji nilikuwa namsemea mimi, tena polepole ili yaandikike vizuri.

Kutoka kwa mdogo wangu nyumbani hakukumfutia haki ya mali. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kupika na kulea ni mchango katika mali ya ndoa, ingawa Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu. Kwa hiyo mdogo wangu alihesabiwa upishi na ulezi. Bati na saruji hazikuhesabiwa. Shemeji alisema hajapata kuona risiti yoyote.

Mdogo wangu alipewa theluthi ya thamani ya nyumba, kwa mafungu. Watoto walihama shule. Kama shemeji angemrejea ndani ya eda sijui, na sasa hakuna maana ya kumuuliza, kwani ameshaoa kwingine. Mama anasema nilifanya alivyofanya baba kwa dada yake. Anasema kunifariji.

Mdogo wangu amenunua kiwanja nje ya mji, upande wa Pongwe. Matofali ya msingi nimelipa mimi. Muuzaji aliniuliza risiti aandike jina gani, nikamtajia la mdogo wangu, nikasubiri mpaka akamaliza kuandika.